Walionipa Kitabu cha Kumbukumbu

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye kikao cha idara ya uhandisi nilihesabu wanaume kumi na watatu. Mimi sihesabu kitu mara moja nikaamini, kwa hivyo nikarudia nikianzia upande wa dirisha. Kumi na wawili, na koti lililovalishwa kiti. Mwanamke alikuwa mmoja, na nilipomhesabu mara ya pili bado alikuwa mimi.

Mkuu wa idara alinikaribisha vizuri. Alisema idara imebarikiwa, wasichana wetu sasa watapata mfano wa kuiga, kisha akasukuma mbele yangu kitabu kipana cheusi chenye mgongo mwekundu, kalamu juu yake. "Madam ana mwandiko mzuri," akawaambia wenzake. Hakuwa amewahi kuuona mwandiko wangu. Maombi yangu ya kazi niliyapiga taipu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika tawi la chuo kikuu lililojengwa kwenye mteremko nje ya mji wa Machakos, mahali ambapo upepo wa Agosti ulileta vumbi hadi ndani ya droo iliyofungwa kwa ufunguo. Pamoja na kitabu kulikuwa na birika. Birika nilimalizana nalo mapema. Nilimimina chai mara moja tu, kwa uangalifu wote wa mhandisi wa maji, juu ya faili la mkuu wa idara, na tangu siku hiyo kila mtu alijimiminia.

Kitabu hakikuondoka. Ubaya wa kuandika kumbukumbu ni kwamba mikono yako imeshikwa. Nikitaka kusema kitu lazima niweke kalamu chini, na kabla sijaiweka, hoja imepitishwa na watu wako kwenye hoja ya nne. Kwa hivyo niliandika. Niliandika kila kitu, hata kikohozi kama kilibadilisha uamuzi. Mwisho wa kikao mkuu wa idara alivuta kitabu, akatia sahihi chini ya kila ukurasa bila kusoma neno, akakirudisha kwangu kama mtu anayerudisha sahani.

Wote waliitana dokta. Kati ya wale kumi na wawili, wenye shahada ya udaktari walikuwa watano. Nilihakikisha mara mbili, mara ya pili ofisini kwa msajili. Wale saba waliobaki waliitwa dokta kwa sababu ya kuzoeana. Mimi niliitwa madam.

Hii tabia ya kuhesabu mara mbili nimeitoa kwa mama yangu. Sisi ni watu wa Kola, na mama alikuwa akipeleka mbuzi kwenye soko la mifugo mjini. Aliwahesabu wakitoka nyumbani na akawahesabu tena wakifika, kwa sababu, alisema, mbuzi hupungua njiani hata pasipo na fisi. Mnunuzi wake mkubwa alikuwa mzee mmoja Msomali mwenye ndevu za hina, mwenye duka nyuma ya posta. Mzee huyo alipatana bei kwa Kikamba safi kuliko padri wetu.

"Mama, hawa mbuzi ni wazee kuniliko," alikuwa akimwambia.

"Basi wasalimie kwa heshima," mama anamjibu, na hapo ndipo biashara inaanza.

Mzee alikuwa na binti mdogo ambaye siku za sikukuu alimleta sokoni. Binti alikaa juu ya gunia la chumvi akisoma kitabu, na hakuinua kichwa hata ng'ombe walipopita karibu kumkanyaga. Nilimkumbuka kwa hilo. Nilikuwa nimemzidi miaka michache, na wivu wangu ulikuwa kwamba mimi nilishika kamba, yeye alishika kitabu.

Miaka miwili baada ya mimi kuajiriwa, mlango wa ofisi yangu ulifunguliwa akaingia yeye, mhadhiri mpya wa umeme, shahada ya udaktari imekamilika, hijabu ya rangi ya majivu, sanduku la vitabu kiunoni kama mtungi.

"Wameniambia ofisi ya wanawake ni hii," alisema.

"Kuna ofisi ya wanaume?"

"Ziko nane. Nimezihesabu nikipanda ngazi."

Hapo nikajua tutaelewana. Alinibandika jina la abaayo, neno la Kisomali la dada, na mimi nikamwita jirani, kwa sababu meza zetu ziligusana na ukivuta droo yako lazima mwenzako asogeze goti.

Tulikuwa na matatizo ya kufanana na matatizo ya kutofanana. La kufanana lilikuwa choo. Jengo la uhandisi lilikuwa na choo cha wanaume kila ghorofa, na cha wanawake hakikuwepo, maana aliyelichora hakutarajia. Tulienda hadi maktaba. Kwenda ni hatua mia mbili na kumi na mbili, kurudi mia mbili na kumi na nne. Sijui hizo mbili zilitoka wapi, labda ni hasira. Katika kitabu changu suala la choo liliahirishwa mara saba.

La kutofanana lilikuwa hili. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza natoka wapi. Yeye aliulizwa na kila mtu, hata mlinzi wa lango.

"Unatoka wapi?"

"Machakos."

"Hapana, kwenu kabisa."

"Nyuma ya posta."

Alijibu hivyo bila kuinua sauti, mwaka baada ya mwaka. Ofisi ya idara ilipotaka kumwongezea mkataba ilimwomba kitambulisho. Akaleta. Ikaomba cha baba. Akaleta. Ikaomba cha babu, na babu yake alikufa kabla ya nchi kuanza kutoa vitambulisho. Lakini mkataba uliongezwa, maana hakukuwa na mwingine wa kufundisha mitambo ya umeme, na cheti cha babu kikabaki kwenye faili kama deni, cha kukumbukwa siku itakapofaa.

Sote wawili tulikuwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mimi wa tano, yeye wa tatu. Wanaume waliokuja baada yetu walipata ajira ya kudumu na kuanza kujenga. Kudumu kulikwenda kwa alama: alama za shahada, alama za miaka ya kufundisha, alama za utafiti. Alama za utafiti ndizo zilizokuwa na mifupa ya kukwama kooni. Mimi nilikuwa nimejenga mabwawa ya mchanga manne, mawili Kola na mawili Ndithini, pamoja na wanawake wa mwethya, yale makundi yetu ya kusaidiana kazi. Bwawa la mchanga ni ukuta unaojengwa kukata mto wa msimu. Mafuriko yanajaza mchanga nyuma yake, na maji yanakaa ndani ya mchanga jua lisiyaone. Wale wanawake walinionyesha mahali mwamba uko karibu kwa kuangalia tu miti gani inabaki kijani mwezi wa Septemba. Nilipima baada yao. Walikosea mara moja katika sehemu kumi na moja, na mimi na vyombo vyangu tulikosea mara tatu. Niliandika hayo yote, majedwali yakachapishwa.

Jirani akaunganisha pampu ya umeme wa jua kwenye bwawa moja la Ndithini. Ilivuta maji kutoka kwenye mchanga hadi shuleni, kilomita nzima, na yeye akapima jinsi inavyodhoofika vumbi likikaa juu ya kioo. Hilo nalo likachapishwa, ng'ambo.

Idara ikakaa, ikaamua: si utafiti, ni huduma kwa jamii. Alama moja kila mtu. Niliandika uamuzi huo kwa mwandiko wangu mzuri.

Sasa, mwaka huo nakumbuka mvua za Novemba zilichelewa na kila mtu alikuwa na hasira ndogondogo. Jumanne moja mkuu wa idara aliniita ofisini. Alikuwa mtu wa Kola pia. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na bonde moja. Alifunga mlango, jambo ambalo hakuwa akifanya.

"Kaa chini, mwana wa kwetu. Kwa mama hamjambo?"

"Hatujambo, dokta."

"Kuna nafasi moja ya kudumu. Makao makuu wameandika, wanataka idara iwe na mwanamke wa kudumu. Mimi nimesema ni wewe."

"Asante. Na mwenzangu?"

"Yupi?"

Tulikuwa wawili katika jengo zima. Nikamsubiri.

"Ah, yule," alisema. "Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Tutamwandikia barua nzuri."

"Ananishinda alama, dokta. Yeye amemaliza udaktari, mimi bado naandika. Nimezijumlisha."

"Alama ni kitu moja. Huyu ako na maneno ya karatasi. Cheti cha babu hajaleta mpaka leo."

"Babu yangu pia hakuwa na cheti. Alitambuliwa na mbuzi wake."

"Babu yako namjua."

"Si hapo ndipo shida iko."

Alicheka kidogo, akatazama saa. "Sikiza. Mkiomba wawili, kura za watu wenye huruma zitagawanyika, na nafasi itaenda kwa yule kijana anayefundisha mashine. Omba peke yako. Mwambie angoje. Kamati inakaa Ijumaa, leta barua leo jioni."

Alikuwa anaharakisha. Mnunuzi akianza kuharakisha, mama alikuwa akikaa chini, akafungua kitambaa na kuanza kula muthokoi, mahindi yake ya kukoboa, punje moja moja. Mimi sikuwa na muthokoi. Nikasema, "Nitaleta kesho," nikatoka.

Jioni nilishuka Kola. Sikwenda kuomba ushauri, nilikwenda kuchukua mahindi, lakini mama ananijua. Nilimweleza akichagua maharagwe kwenye ungo. Hakuacha kuchagua.

"Anataka kununua mmoja na kumwacha mwingine."

"Ndiyo."

"Na amekuchagua wewe kwa nini?"

"Kwa sababu mimi ni wa kwetu."

"Hapana, mwana wakwa," mama alisema. "Kwa sababu wewe ndiye rahisi."

Nilirudi na mahindi na neno hilo. Usingizini na njiani nililigeuza, na kila upande lilikuwa na uzito uleule. Miaka mitano nilikuwa nimeandika kitabu chao. Mimi ndiye niliyeandika "huduma kwa jamii". Mimi ndiye niliyeandika kwamba cheti cha babu kinasubiriwa. Mwandiko ule ulikuwa wangu, nukta na mkato.

Asubuhi nikafungua kabati. Vitabu vilikuwa vitatu, viwili vimejaa na kimoja nusu. Nikasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kisha nikasoma tena. Saa nne nilikuwa najua kitu ambacho mkuu wa idara, aliyetia sahihi kurasa zote, hakukijua.

Tatizo likabaki moja tu. Kanuni ya kamati ya ajira ilisema mwombaji hukaa nje wenzake wakimjadili. Mwandishi hukaa ndani. Nikiomba, natoka, na kitabu atashika mwingine. Nisipoomba, nabaki. Nilihesabu kwa vidole, kisha kwa karatasi, nikitafuta namna ya kuwa nje na ndani kwa wakati mmoja. Haikupatikana.

Nilimwambia jirani mchana, tukitoka maktaba.

"Nani amekutuma ujitoe?" alisema. Alikuwa amesimama, na jirani huwa hasimami akiwa anaongea.

"Hakuna."

"Mimi sitaki sadaka, abaayo. Nimeshatoa zaka mwaka huu, sina nafasi ya kupokea."

"Si sadaka. Mwombaji anatolewa nje, mwandishi anabaki."

Akafikiri. Alikuwa mwepesi, hukumalizia sentensi mbele yake. "Unataka kubaki na kitabu."

"Na vitabu. Ni vitatu."

"Na ikishindikana?"

"Tunakosa wote wawili, lakini watakuwa wamesikia."

"Hiyo ni bei mbaya. Baba angekufukuza dukani."

"Najua. Nimeihesabu mara mbili."

Tukatembea hatua kama thelathini. "Basi soma na ile ya mzungu," alisema. "Iko, hiyo? Ulinisimulia."

"Iko. Kitabu cha kwanza."

"Na usinitetee kama mgonjwa. Wewe soma tu. Ya kwangu nitasema mwenyewe."

Ijumaa kamati ilikaa. Mwenyekiti wa siku hiyo alikuwa mkuu wa kitivo, aliyetoka makao makuu, mtu mfupi wa fizikia, mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani. Hatukumjua. Alikuwa na haraka ya kurudi kabla giza halijaingia. Pembeni yake mkuu wa idara, halafu wazee watatu wa idara, halafu mimi, mwisho wa meza, na kiondo changu sakafuni.

"Madam, utupishe kidogo," mkuu wa idara alisema kwa upole. "Wewe ni mwombaji."

"Sikuomba, dokta. Barua yangu iko ndani ya faili, ya kwanza juu."

Akaisoma. Ilikuwa na mstari mmoja. Akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu, akanitazama, na katika macho yale niliona mtu anayehesabu mbuzi na mmoja hayupo.

Waombaji wakabaki wawili: kijana wa mashine na jirani. Kijana aliingia, akajibu, akatoka. Alikuwa mpole, na udaktari wake ulikuwa njiani. Kisha akaingia jirani. Kabla hajakaa sawasawa mkuu wa idara akaanza.

"Kwanza tuambie, kwenu ni wapi?"

"Nyuma ya posta."

"Kwenu kabisa."

"Nyuma ya posta, mkono wa kushoto, duka la mlango wa kijani. Ulinunua mabati yako hapo, dokta. Baba anasema nyumba ilitoka nzuri."

Mzee mmoja akakohoa. Niliandika jibu lote, pamoja na mlango wa kijani. Mkuu wa kitivo akauliza kuhusu pampu, na kwa dakika ishirini hao wawili wakasahau kwamba kuna wengine. Alibadilisha miwani mara nne. Aliuliza vumbi linapunguza kiasi gani, na jirani akamjibu, akachukua chaki, akachora. Kisha akaambiwa asubiri nje.

Mlango ulipofungwa, mkuu wa idara akasafisha koo. "Kazi yake hatuna shida nayo. Lakini mwenyekiti, faili lake halijakamilika. Kuna cheti cha babu hakijaletwa. Na hii pampu, idara ilishaamua ni huduma kwa jamii. Hatuwezi kubadilisha kanuni kwa mtu mmoja."

Wazee wakatikisa vichwa. Nikaweka kalamu chini.

"Mwenyekiti, kuna yatokanayo na kumbukumbu."

"Madam, hii si saa ya kumbukumbu," mkuu wa idara akasema.

"Dokta amesema kanuni isibadilishwe kwa mtu mmoja. Nataka tu kuisoma hiyo kanuni, tusiikosee."

Mkuu wa kitivo akatazama saa yake. "Soma. Kwa kifupi."

Nikatoa kitabu cha kwanza kwenye kiondo. Nilikuwa nimekwisha kuweka vipande vya karatasi. Ukurasa huo ulihusu mhadhiri mgeni, mzungu aliyekuja kufundisha michoro, ambaye alikaa nasi mwaka mmoja na kupewa nyumba. Nikasoma: mwanachama mmoja aliuliza juu ya vyeti vya mhadhiri mgeni ambavyo havijafika. Ikakubaliwa na wote kwamba mtu ametoka wapi si kazi ya idara, kazi ya idara ni kama anaweza kufundisha. Vyeti ni kazi ya msajili. Imetiwa sahihi, mkuu wa idara.

"Naisoma tena," nikasema, "kwa faida ya aliyekuwa anatafuta miwani." Nikaisoma tena.

Kitabu cha pili. Dokta wa ujenzi alijenga tangi la maji la kanisa la kijijini kwao. Iliamuliwa lihesabiwe kama utafiti, alama sita. Maandishi yaliyochapishwa, hakuna. Imetiwa sahihi. Dokta wa ujenzi mwenyewe alikuwa mmoja wa wale wazee watatu. Alianza kuchunguza kucha zake. Kurasa kumi na nne mbele, bwawa la mchanga lenye majedwali yaliyochapishwa, huduma kwa jamii, alama moja. Imetiwa sahihi. Nikasoma zote mbili, moja baada ya nyingine, kisha nikazirudia kwa mpangilio wa kinyume.

Kitabu cha tatu. Mhadhiri aliyepewa kazi ya kudumu bila udaktari, kwa kuwa "ataumaliza karibuni". Muhula uliofuata, "karibuni". Muhula wa tatu, "karibuni sana". Imetiwa sahihi, imetiwa sahihi, imetiwa sahihi.

"Hayo yalipita," mkuu wa idara alisema.

"Yalipita, dokta. Ndiyo maana yako kitabuni."

Mkuu wa kitivo alinyoosha mkono. Nikampa vitabu vyote vitatu. Akafungua hapa na pale, akaweka kidole chini ya ukurasa.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, lakini mimi sikusoma kila..."

"Hukusoma?"

"Nilimwamini madam."

Mkuu wa kitivo akashusha miwani ya kichwani. "Basi endelea kumwamini," alisema. "Tujumlishe alama upya, wote kwa kipimo cha tangi la kanisa."

Hakuwa malaika. Nafikiri alitaka tu kuondoka mapema, na hesabu inayokataa kulingana humchelewesha mtu wa fizikia. Tulijumlisha. Nilijumlisha na wao, upande wangu, na tulipofika mwisho tukalinganisha. Kijana wa mashine alikuwa nyuma mbali kiasi kwamba hata huruma ya mtu isingefika. Cheti cha babu kikaandikwa kuwa ni kazi ya msajili, na msajili, alipoulizwa wiki iliyofuata, akasema hajawahi kukihitaji.

Nilitoka nje kumwita. Alikuwa ameketi kwenye ngazi anasoma, kama vile gunia la chumvi halijaondoka chini yake.

"Wamesemaje?"

"Utadumu."

Akafunga kitabu. Hakusema asante, na ningeona vibaya kama angesema. Alisema, "Na wewe?"

"Mimi niko na mkataba hadi Desemba."

"Mwaka ujao utaomba."

"Mwaka ujao nitaomba."

"Basi mimi nitakuwa ndani," alisema, akaingia kwenda kusikiliza habari zake kama mtu asiyezijua.

Mkataba wangu uliongezwa mwaka mwingine, ingawa mkuu wa idara alisahau kuutia sahihi hadi siku ya mwisho, saa kumi na nusu. Wakati huo alikuwa amejifunza kusoma anachotia sahihi, kwa hivyo ilichukua muda. Aliniadhibu kwa namna aliyoiweza. Kikao cha kwanza cha muhula mpya alitangaza kwamba madam amechoka, amebeba mzigo huu miaka mingi, apumzishwe. Kumbukumbu sasa zitaandikwa kwa zamu, kila mwanachama kikao kimoja, na ili kuonyesha mfano ataanza yeye mwenyewe. Wenzake wakapiga meza. Akavuta kile kitabu cheusi kutoka mbele yangu, na kalamu.

Sikuwa nimekaa kwenye meza ile bila kalamu tangu siku ya koti. Niliweka mikono yote miwili juu ya mbao, nikaitazama. Ilikuwa haina kazi. Jirani, upande wa pili, aliitazama pia, kisha akanitazama mimi.

Nikainua mmoja.

"Nina hoja mbili," nikasema. "Ya kwanza, kuanzia leo bwawa, pampu na tangi vipimwe kwa kipimo kimoja, awe amejenga nani, na vyote vilivyopimwa vibaya miaka iliyopita virudishwe mezani."

"Naunga mkono," jirani akasema.

"Ya pili ni choo cha wanawake katika jengo hili. Kimeahirishwa mara saba, na wote mlikuwepo."

"Naunga mkono hiyo zaidi."

Mkuu wa idara alikuwa bado kwenye maneno "hoja mbili". Alikuwa na mwandiko wa polepole, wa kulalia kushoto, na kalamu ilimtoroka. "Madam," alisema bila kuinua kichwa, "hebu rudia hapo kwa bwawa."

Nikarudia. Nikamsubiri, nikarudia tena, pole pole, kama ninavyowasomea wanafunzi. Wengine wakangoja, kwa maana hakukuwa na hoja nyingine ya kukimbilia. Mwandishi hakuwa amemaliza. Alipoweka kalamu chini nikamwomba atusomee alichoandika.

Akasoma. Alikuwa ameruka choo.

Nikamrudisha.